Umebadilisha bomba la moshi la pikipiki lakini hujagusa kabureta? Soma yaliyonipata hapa Malindi

Mwanzisha uzi

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Naandika kwa kirefu kwa sababu jambo hili limenigharimu muda, pesa na stadi moja (ule msumari wenye nyuzi unaoshikilia bomba) iliyokatikia ndani ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, na kwa sababu kila wiki hapa Malindi namwona kijana mwingine akitoka kwa fundi na bomba jipya linalong'aa, naye ameridhika kwamba kazi imekwisha. Kazi haijaisha. Bomba la moshi ni kiungo cha injini kama valvu na pistoni zilivyo viungo vyake, na ukilibadilisha bila kurudi kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, umeiacha injini ikipumua kwa kipimo ambacho haikupangiwa.

Pikipiki yangu ni ya cc 150, ina kabureta, na mimi hutoka nayo Gede kwenda Malindi mjini na kurudi karibu kila siku. Bomba la asili lilioza. Wengi hudhani kwamba ni chumvi ya bahari peke yake inayokula mabomba yetu, lakini kuna adui mwingine aliye ndani: kila lita moja ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke bomba likiwa moto na hubaki kama maji bomba likiwa baridi. Mwenye safari ndefu huyatoa yote. Mwenye kwenda sokoni na kurudi, injini ikazimwa kabla mafla, yaani kizuia sauti cha bomba, haijapata moto, huyaacha yakae chini ya mafla usiku kucha, nayo si maji safi bali yana asidi kidogo. Langu lilitoboka upande wa chini, mkabala na mshono wa nyuma, mahali hasa ambapo maji hukusanyika pikipiki inapoegeshwa.

Nikanunua mafla fupi ya chuma kisichoshika kutu. Fundi mmoja akaifunga kwa muda usiofika nusu saa. Siku ya kwanza nilifurahi, kwa sababu mlio ulikuwa mzito na pikipiki ilionekana nyepesi. Baada ya wiki moja ikaanza kupiga risasi, yaani kutoa mipasuko kwenye bomba, kila nilipoachia mafuta kukaribia matuta. Wiki ya tatu niliona bomba limegeuka rangi ya buluu pale linapotokea kwenye hedi, na nikivuta mafuta mpaka mwisho, badala ya kuongeza mwendo, injini ilikuwa kama mtu anayekabwa koo. Nilipofungua plagi ya cheche, kaure yake ilikuwa nyeupe kama chokaa.

Maana yake ni hii. Bomba la asili lina kuta na vijia vya ndani vinavyoulazimisha moshi kuzunguka kabla ya kutoka. Mafla niliyofunga ina bomba moja lililonyooka, lenye matundu, lililozungushiwa pamba ya kioo, na moshi hupita moja kwa moja. Moshi ukitoka kwa wepesi, hewa mpya nayo huingia kwa wingi zaidi, hasa injini inapozunguka kwa kasi. Lakini kabureta ilipangwa kwa hewa ya zamani, na jeti yake, yaani kijitundu kinachopitisha petroli, haikui yenyewe. Kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mwembamba, yaani hewa nyingi na petroli kidogo. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta, na injini hutoa nguvu yake yote kwenye uwiano wa karibu 12.5 hadi 13. Ikibakia katika wembamba huku umevuta mafuta yote, joto linapanda, na wa kwanza kuumia ni valvu ya kutolea moshi na kichwa cha pistoni. Hasara hiyo huioni kwa macho mpaka siku injini inapokosa mbano.

Kabla ya kugusa kabureta, hata hivyo, nilitaka kuhakikisha kwamba maungio hayavuji, kwa sababu uvujaji unadanganya. Hewa ikiingia kupitia ungio la bomba na hedi, injini itapiga risasi hata kama kabureta haina kosa, nawe utazunguka na bisibisi siku nzima bure. Njia niliyotumia ni rahisi: injini ikiwa baridi, niliiwasha, nikaziba tundu la nyuma kwa kitambaa kinene kilicholowa maji kwa sekunde mbili tu, na nikasikiliza. Palikuwa na mluzi mwembamba kwenye hedi, na nilipochungulia kwa tochi niliona mstari mweusi wa masizi umetambaa kutoka kwenye ungio. Fundi alikuwa amerudishia gasketi ya zamani. Gasketi hiyo ni pete laini inayobanwa mara moja ikachukua umbo la mahali pake, na ukiifungua haifai tena. Bei yake ni ndogo mno kulinganisha na usumbufu wake.

Hapo ndipo stadi ilipokatika. Nati ya kushoto ilifunguka vizuri. Ya kulia ilizunguka robo, ikagoma, nami badala ya kuipulizia mafuta ya kulegeza kutu na kuiacha mpaka kesho yake, niliongeza mkono. Nilihisi spana ikilainika ghafla, kama mtu anayekunja waya wa risasi, kisha ikawa nyepesi kabisa, na nati ikabaki ndani ya spana na kipande cha stadi kikiwa bado kimo ndani yake. Kilichobaki kwenye hedi hakikufika urefu wa ukucha. Hedi ni ya aluminiamu na stadi ni ya chuma, na hewa yetu ya chumvi inapoingia baina ya metali hizo mbili huziunganisha kama saruji. Aliyeniokoa ni mchomeleaji mmoja wa Maweni, ambaye aliweka nati mpya juu ya kile kisiki, akajaza chomeleo katikati ya nati mpaka zikawa kitu kimoja, akangoja wekundu uishe, kisha akaizungusha mbele na nyuma taratibu ikiwa bado na moto. Ilitoka nzima. Niliondoa na ya pili siku hiyo hiyo, nikafunga stadi mbili mpya zilizopakwa grisi ya shaba.

Katika kufunga upya, jambo nililojifunza ni mfuatano. Bolti na nati zote zinafungwa kwa vidole kwanza, hedi, klampu ya katikati na kishikio cha nyuma, ili bomba lijitafutie mahali pake. Kisha unakaza kuanzia kwenye hedi ukienda nyuma, zile mbili za hedi ukizikaza kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule. Kishikio cha nyuma kisipokutana na tundu la fremu, usilivute bomba kwa nguvu ili vikutane. Weka washa au tengeneza kishikio kingine. Bomba lililofungwa likiwa limejipinda litapasuka, na mara nyingi hupasuka penye mshono. Raba ya kishikio nayo isiachwe, kwa kuwa ndiyo inayomeza mtikisiko. Kisha mkalishe mtu nyuma na uangalie chini: mafla isiguse mkono wa gurudumu, wala tairi, wala kebo ya breki pale springi zinapobonyea. Ukishaendesha siku moja, injini ikipoa, kaza tena.

Ndipo nikaingia kwenye kabureta, na hapa nawaomba msome polepole.

Kabureta ina sehemu tatu zinazopokezana kazi. Mkono wa mafuta ukiwa umefungwa au umefunguliwa kidogo, hadi kama robo, jeti ndogo na skrubu yake ndiyo inayoamua. Kutoka robo hadi robo tatu ni sindano. Kutoka robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni hili: tatizo linatokea mkono ukiwa wapi? Nilibandika karatasi nyeupe kwenye mshiko na kuchora alama za robo kwa kalamu, na alama hizo zilinifaa kuliko maelezo yote niliyowahi kupewa gereji.

Nilianza na jeti kubwa. Yangu ilikuwa nambari 105. Nikafunga 110, nikaweka plagi mpya, na Jumapili alfajiri nikaenda kwenye barabara iliyonyooka inayopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, magari yakiwa machache. Katika gia ya tatu, ili mwendo usizidi kiasi, nilivuta mafuta yote kwa sekunde kadhaa, kisha kwa wakati mmoja nikabana klachi na kuzima injini kwa swichi, nikateremka mpaka kando. Ni lazima uzime wakati mafuta yamevutwa, kwa sababu ukiiacha injini itulie kwanza, rangi utakayoisoma ni ya utulivu wala si ya mvuto. Plagi ilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia. Bora kuliko chokaa, lakini bado. Nikafunga 115: masizi meusi, na huku juu injini ikawa inagugumia kama mtu anayeongea na maji mdomoni. Nikarudi 112, na safari hii mzizi wa kaure ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Jueni pia kwamba petroli ya sasa haina madini ya risasi, nchini Kenya ni hivyo tangu 2006, na rangi zake ni hafifu kuliko zile za vitabu vya zamani. Usingojee hudhurungi ya kukolea.

Kisha sindano. Ina mifereji midogo juu na klipu imekaa katika mmojawapo. Ukiiteremsha klipu mfereji mmoja, sindano inapanda, na petroli inaongezeka katika mvuto wa kati. Niliiteremsha mmoja, na ule mtetemeko wa mwendo wa kawaida nikielekea mjini ukaisha. Mwisho nikashika skrubu ya jeti ndogo, injini ikiwa imepata moto sawasawa. Nikaifungua nyuzi kidogo kidogo mpaka mzunguko ukafika juu kabisa, halafu nikaurudisha mzunguko wa kutulia mahali pake, karibu 1,400 kwa dakika. Risasi zikakoma.

Nimemaliza upande wangu. Wenye uzoefu waongeze au wanirekebishe.

Mchangiaji wa Mambrui

Ndugu yangu, ahsante kwa maelezo haya. Mimi ni mwendeshaji wa bodaboda, kila siku navuka daraja la Sabaki mara nne au tano. Nimefunga mafla kama hiyo na inapiga risasi vilevile. Nilipofungua skrubu ya kabureta kama ulivyosema, ikazidi. Nimekosea wapi?

Mwanzisha uzi

Kaka, hukukosea wewe, ni mimi niliyeeleza nusu. Skrubu hizo ni za aina mbili. Ikiwa imekaa upande wa injini, inapima petroli, na ukiifungua unaongeza mafuta. Ikiwa imekaa upande wa chujio la hewa, inapima hewa, na ukiifungua unazidisha wembamba. Hiyo unaifunga ndani ili mafuta yaongezeke. Tazama yako iko wapi kwanza. Na ikiwa ile ya petroli imefika ukingoni, yaani inataka zaidi ya mizunguko mitatu kutoka ilipofungwa kabisa ndipo injini itulie, basi tatizo ni jeti ndogo yenyewe, na unahitaji ya nambari inayofuata. Lakini anza na ungio la hedi, kaka. Jaribu kitambaa kilicholowa.

Mchangiaji wa Mambrui

Iko upande wa chujio. Leo jioni nitaangalia na gasketi.

Mchangiaji wa Barani

Mimi nina swali la jeti. Fundi wangu hanunui jeti. Huchukua waya mwembamba au keekee ndogo akaipanua ile ya zamani. Anasema ni kitu kilekile na pesa inabaki mfukoni.

Mwanzisha uzi

Si kitu kilekile, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu nimewahi kufanyiwa. Tundu la jeti limetengenezwa kwa ukubwa wa mia za milimita, na ndani yake ni laini kama kioo. Waya unalikwaruza na kulifanya liwe yai badala ya duara, na baada ya hapo hakuna anayejua nambari yake ni ipi, hata fundi mwenyewe. Umepoteza mahali pa kurudi. Jambo jingine: usichanganye jeti za watengenezaji wawili. Kwa mmoja nambari ni kipenyo cha tundu, kwa mwingine ni kiasi cha mafuta yanayopita kwa dakika, hivyo 110 ya huyu si 110 ya yule.

Mchangiaji aliyehamia kutoka Nairobi

Nilikuja na pikipiki yangu kutoka Nairobi mwezi wa tano, na kule ilikuwa na afya kabisa. Hapa inachemka na haina nguvu, na sijabadilisha bomba wala chochote. Je, ni joto la pwani?

Mwanzisha uzi

Karibu Malindi. Joto linachangia, lakini nadhani ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu kwa zaidi ya asilimia 15. Pikipiki iliyopangwa kwa usawa wa bahari ikipanda huko huwa na mafuta mengi kupita kiasi, ndiyo maana mafundi wengi wa bara huipunguzia jeti au kuipandisha klipu, na wanafanya sawa kwa mahali pao. Ukishateremka nayo pwani, hewa imekuwa nzito lakini jeti imebaki ya milimani, na mchanganyiko unakuwa mwembamba bila mafla yoyote kuguswa. Angalia nambari ya jeti yako kubwa na uilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Na tafadhali usifunge mafla iliyo wazi kabla ya kulirekebisha hilo, kwa sababu utakuwa umeweka wembamba juu ya wembamba.

Mchangiaji wa Watamu

Naheshimu kazi yako, lakini sikubaliani na jambo moja. Nimefundishwa kwamba injini ya viharusi vinne inahitaji mgandamizo wa nyuma kutoka kwenye bomba, na ukiuondoa inapoteza nguvu ya chini. Mimi mwenyewe nilikata kuta za ndani za bomba langu kwa grainda, na tangu hapo pikipiki haiwezi kuondoka na abiria wawili bila kuungurumishwa sana.

Mwanzisha uzi

Ulichokiona ni kweli, ila sababu yake naiona kwa namna nyingine. Injini haihitaji kuzibwa. Inachohitaji ni wakati. Kila valvu ya kutolea inapofunguka, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba, na linapofika mahali bomba linapopanuka au linapoishia, sehemu yake hurudi nyuma kama wimbi la mvuto. Likifika kwenye valvu pale valvu zote mbili zikiwa wazi kwa pamoja, linasaidia kuvuta mabaki ya moshi na kuikaribisha hewa mpya. Likifika kabla au baada ya hapo, halisaidii, na wakati mwingine linairudisha hewa ilikotoka. Urefu na kipenyo cha bomba ndivyo vinavyoamua ni kwenye mzunguko upi msaada huo unapatikana. Wewe ulipokata kuta za ndani ulibadilisha urefu ambao wimbi linausafiri, na msaada ukahamia mizunguko ya juu, ambayo mwenye bodaboda aliyebeba abiria na gunia la nazi haitumii. Kwa hiyo kwa kazi ya kubeba mizigo mimi sipendekezi bomba pana. Bakisha bomba la mbele la asili kama ni zima, na ubadilishe mafla peke yake.

Na abiria wawili, ndugu yangu, ni mmoja zaidi ya sheria inavyoruhusu.

Mchangiaji wa Watamu

Nimekuelewa kuhusu wimbi, na la abiria nimelisikia.

Mchangiaji wa Kisumu Ndogo

Mimi ni abiria, sina pikipiki. Naomba wenye kufunga mabomba haya watufikirie na sisi. Mwaka jana niliungua muundi wa mguu wa kulia kwa mafla ya namna hiyo, fupi na iliyoinuka, isiyokuwa na kinga yoyote, nilipokuwa nashuka. Jeraha lilichukua zaidi ya mwezi kupona na alama ipo mpaka leo. Leso yangu nayo ilishika na kutoboka. Dereva alisema pole, lakini bomba hakulibadilisha.

Mwanzisha uzi

Pole sana, dada. Umenigusa, kwa sababu katika maelezo yangu yote sikuwataja abiria ila kuwakalisha nyuma ili nipime springi. Bomba la asili huwa na kinga ya bati iliyoachwa na nafasi, ili hewa ipite baina yake na chuma cha moto. Mafla nyingi za dukani huja bila kinga. Jana jioni, baada ya kusoma maneno yako, nimekata bati lenye matundu na kulifunga kwa klampu mbili, nikaweka washa nene chini yake ili libaki mbali na mafla kwa kiasi cha sentimita moja. Bati likigusana na mafla linapata moto ule ule na halina faida. Nimeligusa kwa kiganja baada ya kutoka Gede hadi mjini: lina uvuguvugu tu. Mafla iliyoinuka mpaka usawa wa muundi sasa naiona kuwa haifai kabisa kwa pikipiki ya kubebea watu, hata ikiwa nzuri kwa macho.

Mzee wa Shella, Malindi

Wanangu, nami naomba nafasi. Nyumba yangu iko kando ya njia wanayopita vijana alfajiri na usiku wa manane. Nina mgonjwa ndani. Kila mlio mmoja unamwamsha, na kumlaza tena ni kazi ya saa nzima. Sijui habari za jeti, lakini nimesoma kwa makini na sijaona mahali mlipozungumzia sauti.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu, na Mwenyezi Mungu amponye mgonjwa. Ni haki yako kuuliza.

Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hicho si cha kujumlisha kama shilingi: kikiongezeka kwa 10 tu, sikio la mtu husikia kana kwamba kelele imekuwa maradufu. Kwa hiyo fundi anaposema "imeongezeka kidogo tu", huenda kwa walio ndani ya nyumba ni mara mbili. Sheria ya barabara inataka kila chombo cha injini kiwe na kizuia sauti kinachofanya kazi, na kanuni za kudhibiti kelele chini ya sheria ya mazingira, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zipo tangu 2009. Lakini hata pasipokuwa na askari wa kutusimamisha, sisi wenye pikipiki tunaweza kulishughulikia wenyewe.

Mafla nyingi za kununua huja na kizibo kidogo cha sauti kinachofungwa kwa skrubu moja nyuma, na jambo la kwanza ambalo kijana hulifanya ni kukitupa. Mimi nimekibakisha, na jeti zote nilizozitaja nilizipima kikiwa ndani. Anayekitoa baadaye anabadilisha tena mpito wa moshi, na itambidi arudi kwenye kabureta upya. Nguvu inayopatikana kwa kukitoa kwenye injini ya cc 150 sikuihisi hata nilipojaribu, na mlio niliusikia vizuri mno. Jambo la pili ni pamba ya kioo. Inaungua na kupeperuka taratibu, na mafla ambayo mwaka jana ilikuwa na mlio wa kupendeza mwaka huu inapiga kama debe.

Mzee wa Shella, Malindi

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kusikia kwamba kuna kizibo. Nitamwonyesha mjukuu wangu maneno haya.

Mchangiaji wa Ganda

Hiyo pamba ya kioo huku haipatikani kwa urahisi. Je, makumbi ya nazi au sufi haviwezi kufaa? Au ile sufi ya chuma ya kusugulia masufuria?

Mwanzisha uzi

Makumbi na sufi zitashika moto safari ya kwanza, kaka, tafadhali usijaribu. Ile ya kusugulia masufuria ni nyuzi nyembamba mno za chuma, nazo zitashika kutu na kumomonyoka, vipande vitoke nyuma vikiwa vya moto. Tafuta pamba ya kioo ya kustahimili joto. Vaa glavu na ufunike pua, kwa sababu nyuzi zake zinawasha ngozi na hazifai kuvutwa ndani ya mapafu. Izungushe kwenye bomba lenye matundu kwa kubana kiasi: ikilegea inapeperuka haraka, na ikishindiliwa sana haimezi sauti. Dakika za kwanza itafuka moshi, usishtuke.

Mchomeleaji wa Maweni

Naongeza la kutu, maana ndiyo kazi yangu. Si kila kinachong'aa ni chuma kisichoshika kutu. Nyingine ni bati la kawaida lililopakwa kromu, na kromu ikikwaruzwa, kutu inaingia chini na kutambaa. Hata chuma cha kweli kina madaraja: kile cha 304 kina kromi kama asilimia 18 na nikeli 8, kinafaa lakini karibu na bahari kitapata madoa ya rangi ya chai, cha 316 kimeongezewa molibdeni na kinastahimili chumvi zaidi, ila ni ghali. Mimi huwashauri wateja mambo mawili. Kwanza, chomeleo litumie waya wa aina moja na bomba, la sivyo mshono ndio utakaooza. Pili, toboa tundu la milimita mbili au tatu mahali pa chini kabisa pa mafla ili maji yatoke. Na ukiendesha ufukweni au upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, mwagia maji baridi yasiyo ya chumvi jioni, bomba likishapoa.

Mchangiaji wa Marafa

Pikipiki yangu ni mpya, haina kabureta, ina mfumo wa kunyunyiza petroli. Muuzaji wa mafla aliniambia kompyuta itajirekebisha yenyewe. Ni kweli?

Mwanzisha uzi

Ni kweli kwa sehemu. Ikiwa bomba lina kihisi cha oksijeni, kompyuta hujirekebisha unapokwenda kwa mwendo wa wastani. Ukivuta mafuta yote, mifumo mingi ya pikipiki hukiacha kihisi na kufuata jedwali lililowekwa kiwandani, jedwali la bomba la asili. Hakikisha bomba jipya lina mahali pa kufungia kihisi hicho, wala usikubali kikatwe au kiachwe kinaning'inia. Na ungio la hedi kwenu ni muhimu kuliko hata kwetu: likivuta hewa ya nje, kihisi kitaona oksijeni nyingi, kompyuta itadhani mafuta ni machache na itaongeza, nawe utalipia petroli isiyokuwa na kazi.

Mchangiaji wa Mambrui

Nimerudi. Gasketi ilikuwa imekatika vipande viwili. Nimeweka mpya, skrubu nimeifunga nusu mzunguko, na leo nimekwenda na kurudi bila risasi hata moja. Sasa nataka kujua jeti kubwa, lakini sina pesa ya kununua nne kwa kubahatisha.

Mwanzisha uzi

Alhamdulillahi, kaka. Usinunue bado. Kabureta yako kama ni ya muundo ule ule wa yangu, ninazo 105, 110 na 115, kila moja ndani ya kikaratasi chenye nambari yake. Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa kwa mchomeleaji wa Maweni kubadilisha kishikio changu cha nyuma. Njoo na plagi mpya na ufunguo wake, tujaribu zote tatu, na utakayoiona imekukalia ndiyo utakayokwenda kununua. Pikipiki yako ije imepoa, tafadhali, maana kuifungua kabureta juu ya injini ya moto ni kujitafutia kuungua.